Jukwaa au Kiunzi? Juu ya Nyuzi za Kuoteshea Mfupa

Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa tiba wamejitahidi sana kuotesha mfupa katika maabara juu ya umbo la nyuzi za polima. Kwa Kiingereza umbo hilo limepewa jina la jukwaa la waashi. Kabla ya kulitafsiri jina hilo, yafaa kukitazama kitu chenyewe.

Polima ni dutu ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu ya vipande vinavyojirudia. Watu wa Mara huzishika kila siku: pamba ilimwayo Bunda ni selulosi, polima ya asili, nailoni ya nyavu za Musoma ni polima ya kiwandani. Lakini selulosi haivunjwi na mwili wa binadamu, na nailoni hudumu humo miaka mingi. Kinachotakiwa ni uzi unaokwisha wenyewe, kama wa polikaprolaktoni au wa asidi ya polilaktiki. Huvutwa kwa nguvu ya umeme kutoka ncha ya sindano hadi uwe mwembamba kuliko unywele mara nyingi, hata chini ya mikromita 1, ukakaribia nyuzi za kolajeni za mfupa. Seli hujishikiza hapo, huongezeka, na kuweka madini ya kalsiamu na fosfeti.

Ugumu ni huu: nyuzi zikisongamana, seli hubaki juu na mishipa ya damu haipenyi. Uzi ukiisha mapema, mfupa mchanga hukosa tegemeo. Ukichelewa, humzuia mwenye nyumba kuingia. Kwa hiyo pengo kubwa la mfupa hata leo huzibwa mara nyingi kwa mfupa uliomegwa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe.

Sasa jina. Neno huja na mizigo yake yote. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipokiita kitabu chake Mabepari wa Venisi mwaka 1969, neno bepari halikuwa tena la mfanyabiashara tu. Lilikuwa limekwisha kubeba lawama ya unyonyaji. Jukwaa nalo lina mzigo wake: husimama nje ya ukuta, na kazi ikiisha hubomolewa. Kiunzi, litokalo katika kuunda, li karibu zaidi na ukweli. Katika nyumba ya udongo, kama zile za vijiji vya Butiama, fito zimo ndani ya ukuta wenyewe, na udongo hushikamana nazo. Tofauti ni kwamba fito hubaki, na nyuzi hizi hutoweka. Tena kiunzi cha mifupa ni jina la mifupa yote ya mwili. Hapana budi basi kulifafanua: kiunzi cha kuoteshea mfupa, chenye kuyeyuka.

Jambo hili si la kamusi tu. Mgonjwa aliyevunjika mguu, akiombwa idhini ya kuwekewa jukwaa, atangojea siku ya kupasuliwa tena ili liondolewe, kama viondolewavyo vyuma. Akiambiwa kiunzi kiyeyukacho, atajua anachokubali.