Maua ya Udongo Chepechepe Kakamega

Bustani nyingi za Kakamega zilizo chini ya mteremko hukaa chepechepe karibu mwaka mzima, maana eneo hilo hupata mvua ya milimita 1,500 hadi 2,000 hivi kwa mwaka. Waridi likipandwa hapo huoza. Linaloliua si maji yenyewe bali kukosa hewa: nafasi za udongo zikijaa maji, oksijeni huisha na mizizi hufa. Mimea ya majimaji ina njia za hewa ndani ya mabua zinazoshusha oksijeni hadi mizizini. Kwa hiyo ni nafuu kuchagua mmea ulioumbiwa mahali hapo kuliko kuchimba mitaro ya kukausha bustani.

Unaofaa kupita yote ni arumu, Zantedeschia aethiopica, wenye ua jeupe la umbo la faneli. Asili yake ni Afrika Kusini, na ni wa ukoo mmoja na nduma. Anayejua kupanda nduma ameshajua nusu ya kazi. Tunguu lenye chipukizi hufukiwa sentimita 10 hivi, kwenye udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva. Samadi mbichi isitumiwe. Kivuli chepesi hakiudhuru. Utomvu wake una fuwele kali zinazowasha kinywa, kama za nduma mbichi, lakini huu haupikwi wala hauliwi. Watoto na mbuzi wawekwe mbali. Kana, jekundu au la manjano, hupandwa vivyo hivyo, ila hulitaka jua.

Kuanzia Desemba hadi Februari udongo huweza kukauka. Penye shida hiyo huchimbwa shimo la nusu mita, likatandikwa karatasi ya nailoni iliyotobolewa matundu machache, kisha udongo ukarudishwa. Maji hukawia humo bila kutuama juu. Hilo ni la lazima, kwani Kakamega kuna malaria na mbu hutaga kwenye maji yaliyotuama. Yungiyungi la buluu huhitaji kidimbwi hasa, kwa hiyo lisipandwe pasipo samaki wa kula viluwiluwi.

Gugumaji, pamoja na uzuri wa ua lake la zambarau, halifai kabisa. Mafuriko yakilizoa, Mto Isiukhu hulipeleka Nzoia, na Nzoia humwaga maji yake Ziwa Victoria, ambako tayari gugu hilo limewafungia wavuvi njia.