Kupungua kwa nguvu ya injini katika magari ya zamani

Kupungua kwa nguvu ya injini ni hali ya injini kutotoa nguvu yake ya kawaida hata dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho. Gari huwaka na kutembea vizuri kwenye tambarare, lakini likipanda mlima au likibeba mzigo hulemewa. Magari ya zamani, yaani yenye kabureta au pampu ya dizeli isiyoongozwa na kompyuta, hayana taa ya kuonyesha hitilafu. Fundi hutegemea macho, masikio, pua na utaratibu wa kufikiri.

Magari ya namna hiyo ni mengi katika ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Geita na Shinyanga. Mfano ni Runzewe, mji mdogo wa Wilaya ya Bukombe ulioko kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Lusahunga hadi mpaka wa Rwanda huko Rusumo. Malori ya masafa marefu hupita hapo, na magari madogo huingia machimboni kwa njia za vumbi. Kwa mwenye gari moja, uchunguzi wenye makosa ni hasara kubwa: injini hufunguliwa yote na kuwekwa ringi mpya, kumbe chujio la dizeli limeziba.

Kabla ya kulaumu injini

Uwanda wa kusini mwa Ziwa Viktoria uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Huo si ugonjwa.

Breki zinazoshika huleta dalili ileile. Gari likiinuliwa kwa jeki, gia ikiwa huru na handibreki imeachiwa, kila gurudumu linapaswa kuzunguka kwa mkono. Gurudumu ambalo rimu yake ni ya moto kuliko nyingine baada ya safari linatia shaka. Klachi iliyokwisha hutambulika kwa sauti: injini inapiga kelele zaidi lakini mwendo hauongezeki, na mara nyingi kuna harufu ya kuungua. Jambo la tatu ni waya wa eksileta. Mtu mmoja akanyage pedali hadi chini, injini ikiwa imezimwa, na mwingine atazame kama mkono wa pampu au wa kabureta unafika mwisho. Waya uliolegea, au zulia nene chini ya pedali, huweza kuiba sehemu kubwa ya nguvu. Ukaguzi huu hauna gharama, na pengine ndiyo sababu hurukwa.

Moshi

Katika injini ya dizeli, rangi ya moshi hueleza mengi. Moshi mweusi mzito maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, au turbo haifanyi kazi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe injini ikiwa imeshapata moto ni dizeli isiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda.

Hali inayowapotosha wengi ni ile ya gari kukosa nguvu bila moshi wowote. Injini ya dizeli inayopata mafuta ya kutosha lakini haina hewa ya kutosha lazima ifuke. Ikikosa nguvu huku ekzosi ni safi, kwa kawaida mafuta hayafiki.

Njia ya mafuta

Dizeli ya kwenye madumu huweza kuwa na maji na uchafu, na tenki la gari la zamani huwa na kutu. Jaribio bora ni rahisi: dumu safi lenye dizeli safi hufungwa juu kuliko pampu, na mpira wake huunganishwa moja kwa moja kwenye pampu. Gari likirudisha nguvu, pampu na nozeli hazina kosa. Tatizo liko kwenye tenki, mabomba au chujio. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga, kikiwekwa kabla ya pampu, huonyesha mapovu kama kuna mahali panapovuta hewa. Na kama nguvu hurudi kwa muda kila mfuniko wa tenki unapofunguliwa, tundu la kupumulia la tenki limeziba.

Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa nako hupunguza nguvu na kuichakaza pampu, kwa kuwa mafuta ya taa hayalainishi vizuri. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya udanganyifu huo.

Chujio la hewa

Kupigapiga chujio kwenye tairi huchana karatasi yake. Hupulizwa kwa upepo mdogo, kutoka ndani kwenda nje. Kuliendesha gari bila chujio ili kuona kama lina nguvu ni jaribio ghali mno kwenye barabara ya vumbi: mchanga hukwangua silinda na kumaliza ringi.

Silinda na mgandamizo

Injini ikitetemeka, silinda moja huenda imekufa. Kwenye petroli, waya za plagi huchomolewa moja moja kwa koleo lenye mpira. Silinda ambayo kuchomolewa kwake hakubadilishi mlio ndiyo mbovu. Kwenye dizeli hulegezwa nati ya bomba la nozeli. Mkono usikaribie hapo. Dizeli yenye shinikizo hutoboa ngozi, na jeraha dogo la namna hiyo ni la kukimbizwa hospitali.

Mwisho hupimwa mgandamizo kwa geji. Tofauti kubwa kati ya silinda ni dalili mbaya kuliko upungufu mdogo unaolingana kote. Kwenye injini ya petroli, kijiko cha oili hutiwa ndani ya silinda dhaifu na kipimo kurudiwa. Kikipanda, ringi zimechakaa; kisipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya silinda hedi, na hapo hufunguliwa sehemu ya juu tu.