Spika ya Tufe: Sauti Yarudi Miguuni pa Mpigaji (Sehemu ya Pili)

Anayepangiwa kiti nyuma ya spika harusini husikia kitu kimoja tu: dum, dum, dum. Maneno ya mwimbaji hayamfikii, matoazi hayamfikii, na gitaa la solo humjia kama linapigwa nyumba ya pili. Mwenzake aliyekaa mbele ya spika hiyohiyo analalamika kwamba masikio yanamuuma. Wamealikwa harusi moja, wamepewa miziki miwili.

Sehemu ya kwanza ya makala hii ilimwacha Maurice Martenot na chombo chake cha umeme, alichokionesha Paris mwaka 1928. Mfaransa huyo hakuridhika na spika ya kawaida. Alikiongezea chombo chake spika ya gongo na nyingine yenye nyuzi zinazovuma zenyewe. Sehemu hii ni ya watu waliolishika tatizo hilohilo la spika miaka 70 hivi baadaye, wakaachana na sanduku na kutengeneza mpira.

Kisa cha harusini kina hesabu yake. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Besi yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 3.4 hivi, na wimbi kubwa kiasi hicho hulizunguka sanduku la spika kama maji yanavyoizunguka nguzo ya gati, likaenea kila upande. Mlio mkali wenye mitetemo 8,000 una wimbi la sentimita 4 na ushei, dogo kuliko koni ya kawaida ya spika. Wimbi la namna hiyo halipindi kirahisi. Huchapa mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na aliye nyuma huachiwa dum zake.

Sanduku lenyewe nalo lina makosa yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Harry Olson, mtafiti wa kampuni ya RCA ya Marekani, aliipima spika katika maumbo mbalimbali: mche wa mraba, mcheduara, piramidi, tufe na mengineyo. Tufe lilitoa sauti iliyo laini kuliko yote, bila kupanda na kushuka ovyo, kwa sababu halina kingo za kuyakwaza mawimbi. Hata hivyo tufe lenye koni moja bado linatazama upande mmoja. Ili lisikike pande zote sharti lijazwe koni kotekote, na hilo wapimaji wa kumbi walikwishalijua: kwa kazi ya kupima mwangwi wa ukumbi hutumia spika yenye nyuso 12, kila uso na koni yake. Ni chombo cha vipimo. Kwa muda mrefu hakuna aliyefikiria kukipandisha jukwaani kikapige muziki.

Fidla ndiyo iliyolileta suala hilo jukwaani. Mwaka 1997 Gabriel Weinreich wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha utafiti kuhusu namna fidla inavyotawanya sauti. Alieleza kwamba ikishapita mitetemo 1,000 hivi kwa sekunde, fidla haina tena mwelekeo mmoja. Noti moja huelekea zaidi dirishani, inayofuata hukimbilia darini, na inayofuata hiyo humrudia mpigaji kifuani. Mpigaji akipanda ngazi ya noti, kila sauti inagonga kuta tofauti kabla ya kumfikia msikilizaji, na sikio hulipenda vuguvugu hilo bila kujua linatoka wapi. Spika haina tabia hiyo. Noti zote huzitupa upande uleule, kama mtu anayezungumza na umati huku macho yake yameganda kwa mtu mmoja.

Dan Trueman, mtunzi na mpiga fidla wa Chuo Kikuu cha Princeton, aliuonja upungufu huo mikononi mwake. Alikuwa akipiga fidla ya umeme: upinde uko hapa, mkono uko hapa, lakini sauti inatokea kule kwenye sanduku. Akishirikiana na Perry Cook, mwanasayansi wa kompyuta ambaye pia ni mwanamuziki, walianza kwa kupima. Walivizungushia vyombo vya nyuzi maikrofoni 12, wakavigonga na kurekodi kila upande unavyoitika. Matokeo waliyatoa mwaka 1998. Kisha wakajiuliza swali la kitoto: kama sauti ya chombo inaweza kunaswa kwa masikio 12 yanayotazama ndani, kwa nini isirudishwe kwa midomo 12 inayotazama nje?

Jibu lilionekana mwaka 1999 kwa jina la BoSSA. Ni fidla iliyovunjwavunjwa na kuundwa upya kwa namna ambayo fundi wa fidla wa Cremona, Italia, angeikana. Kiwiliwili chake ni tufe la spika 12. Upinde una vihisi vinavyoiambia kompyuta unavyosogea na unakandamizwa kiasi gani. Shingo yake haina nyuzi, ina kipande kinachotambua kidole kimegusa wapi. Mahali pa nyuzi pana sponji, ambazo mpigaji huzipitishia upinde. Sehemu hiyo waliiita Bonge, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya upinde na sponji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri: ukilitazama tufe lile lililojaa koni na waya, bonge ni bonge kweli.

Hapa inafaa kusemwa wazi kwamba tufe la spika 12 haliigi fidla. Haliwezi. Mabadiliko anayoyaeleza Weinreich ni mengi na ya karibukaribu mno kwa koni 12 kuyafuata, hasa katika sauti za juu. Faida yake kubwa ilikuwa kwingine, na Trueman na wenzake waliiona walipokaa chumba kimoja na wapigaji wa vyombo vya kawaida. Sauti ya kompyuta ikitoka kwenye tufe lililo miguuni pa mpigaji, huanza safari palepale inapoanzia sauti ya selo ya jirani yake. Zote mbili huzigonga kuta zilezile na kuchanganyika hewani, si katika meza ya fundi mitambo. Msikilizaji akifumba macho anajua nani kapiga nini. Na wapigaji wenyewe wanasikilizana bila kuwekewa spika nyingine za kuwarudishia sauti, jambo ambalo mpiga udi na mpiga kanuni waliokaa bega kwa bega hawajawahi kulihangaikia.

Mwaka 2000, Trueman, Cook na mpiga besi Curtis Bahn waliandika pamoja makala ya utafiti kuhusu spika hizo. Trueman na Bahn walikuwa na kundi la watu wawili lililotumbuiza kwa matufe badala ya masanduku. Ndipo likaja wazo la kuyazidisha.

Mwaka 2005 Trueman na Cook walianzisha Princeton okestra ya kompyuta mpakato, iitwayo PLOrk kwa kifupi. Vituo vilikuwa 15, na kila kimoja kilikuwa na kompyuta yake, vifaa vyake vya sauti na spika yake ya nusu tufe yenye koni sita. Hesabu ya sita haikubahatishwa. Umbo lenye nyuso 12 likikatwa nusu hubaki uso mmoja juu na tano kuuzunguka, na nusu hiyo hukaa sakafuni bila kubiringika. Mwanafunzi huketi kwenye mto, kompyuta mbele yake, nusu tufe kando ya goti. Okestra hiyo iliwahi kupiga pamoja na Zakir Hussain, bingwa wa tabla kutoka India, na hapo ndipo faida ya spika hizi inapoeleweka upesi. Tabla ni chombo cha sakafuni, kinachoongea kutoka kwenye ngozi yake. Ukiizungushia masanduku yaliyotundikwa juu ya jukwaa, unamfanya mpigaji wake mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Mwanafunzi wa Cook, Ge Wang, aliyebuni lugha ya programu iitwayo ChucK, alihamia Chuo Kikuu cha Stanford na mwaka 2008 akaanzisha okestra ya aina hiyohiyo. Fedha hazikuwa za kuchezea, kwa hiyo spika ziliundwa palepale chuoni. Ganda lake lilikuwa bakuli la mbao la saladi kutoka duka la IKEA. Bakuli linapinduliwa kitako juu, linatobolewa matundu sita, na katika kila tundu inafungwa spika ya gari. Ndani zinapita waya na amplifaya ndogo, chini inafunikwa kwa ubao. Anayelitazama kwa mbali hudhani ni jiko la kisasa. Kwenye mkao wa okestra hiyo kila mpigaji hupewa pia mto wa kukalia na kimeza kifupi, mfano wa vile vya kunywea chai kitandani.

Ubaya wa chombo hiki unajulikana na wanaokitumia hawaufichi. Koni ndogo hazisukumi hewa ya kutosha kwa besi nzito. Nguvu iliyogawanywa pande zote humfikia kila mtu ikiwa kidogo, hivyo ukumbi wa watu elfu mbili unaimeza. Na ole wake anayeweka maikrofoni karibu: tufe halina mgongo wa kujificha nyuma yake, kwa hiyo maikrofoni huisikia spika popote ilipo, na mluzi huanza mara moja.

Mjini Graz, Austria, mambo yalichukua mkondo mwingine. Katika taasisi ya muziki wa elektroniki ya chuo kikuu cha sanaa cha mji huo, Franz Zotter na wenzake waliunda mwaka 2006 spika yenye nyuso 20, kila uso ukiwa na koni inayoendeshwa peke yake. Nia ya awali ilikuwa ileile ya Princeton: kuiga namna vyombo halisi vinavyotawanya sauti. Spika hiyo inaitwa IKO. Lakini koni 20 zikiamriwa kwa hesabu maalumu, baadhi zisukume hewa wakati nyingine zinavuta, mawimbi yao hufutana upande mmoja na kuongezana upande mwingine. Hapo tufe linaacha kuwa taa ya chemni na kuwa tochi, tochi inayoweza kugeuzwa bila chombo kuguswa.

Mtunzi Gerriet K. Sharma, aliyeanza kuitungia kazi spika hiyo mwaka 2009, ndiye aliyeutumia mwale huo kwa jeuri. Mwale unaelekezwa ukutani, sauti inayomwendea msikilizaji moja kwa moja inapunguzwa, na sikio, ambalo kwa kawaida huamini sauti inayofika kwanza, linadanganyika. Muziki unasikika ukitokea ukutani, mahali pasipo na spika yoyote. Mwale ukizungushwa, sauti huhama kutoka kona hii hadi ile, husogea karibu, hurudi nyuma. Mahali pengine inajaa katikati ya chumba kama kitu cha kushikika. Kwa hiyo Sharma hatungi noti peke yake. Huanza kwa kukikagua chumba: ukuta uko umbali gani, ni wa zege au wa pazia, dari iko wapi. Ukuta ukiwa mbali mno husogezwa mbao za kuakisi sauti hadi mahali panapotakiwa, na zikiondolewa kazi hiyohiyo hubadilika. Uwanjani, pasipo ukuta wala mbao, mwale hauna pa kugonga, na kinachobaki ni mpira wenye koni 20 unaovuma katikati ya nyasi.