Kimo cha Pikapu katika Barabara za Migori: Ufafanuzi wa Dhana Tatu

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi mwenye pikapu anavyoweza kuamua gari lake liinuliwe kwa kiasi gani. Mazingira yanayorejelewa ni ya Kaunti za Migori na Homa Bay. Huko, mtu akishaiacha barabara kuu ya lami ipitayo Rongo, Awendo na mji wa Migori hadi Isebania, mara nyingi husafiri juu ya changarawe na udongo. Bonde la Lambwe na nyanda za Nyatike zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kunata mvua inyeshapo. Pikapu za huku hubeba miwa, samaki, mawe ya machimbo ya dhahabu, na mara nyingi watu. Kwa hiyo, suala la kimo si la urembo. Ni la usalama.

Maana tatu za neno moja

Fundi na mteja wake wanapozungumzia gari lililo "juu", neno hilo huweza kubeba dhana tatu zisizolingana. Ya kwanza ni kimo cha bodi, yaani umbali kutoka ardhini hadi kwenye chesisi. Ya pili ni mwanya wa chini, yaani nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya gari iliyo chini kabisa. Katika pikapu nyingi, sehemu hiyo ni kasha la difu kwenye ekseli ya nyuma. Ya tatu ni kimo cha kitovu cha uzito, ambacho huamua iwapo gari litasimama imara au litapinduka.

Kubadilisha springi huinua bodi, lakini hakuinui difu, kwa kuwa ekseli hubebwa na magurudumu. Difu huinuliwa na tairi kubwa, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Kwa mfano, tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha takribani milimita 776, na ile ya 265/70R17 takribani milimita 803. Tofauti ni milimita 27, lakini difu hupanda milimita 13 tu. Anayekwama kwa sababu difu inakokota kwenye matuta yaliyo kati ya njia za magurudumu hatasaidiwa na springi pekee. Faida ya springi ni nyingine: hulinda chesisi na tangi la mafuta, huliwezesha gari kuingia na kutoka mtaroni bila kugonga pua wala mkia, na hutoa nafasi ya tairi kubwa kuzunguka.

Gharama ya kila sentimita

Uthabiti wa gari hukadiriwa kwa kugawa nusu ya upana uliopo kati ya magurudumu kwa kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme upana ni mita 1.5 na kitovu kiko mita 0.70 juu ya ardhi. Uwiano ni 1.07. Kitovu kikipanda kwa sentimita 5, uwiano hushuka hadi 1.00, kikipanda kwa sentimita 10, hushuka hadi 0.94. Kadiri uwiano unavyopungua, ndivyo gari linavyopinduka kwa wepesi. Abiria wanaosimama nyuma hukipandisha kitovu hicho zaidi.

Kuna gharama nyingine. Katika pikapu ambazo magurudumu yake ya mbele hujitegemea, kama Toyota Hilux za miaka ya karibuni, kuinua sana huzipinda shafti za mbele kwa pembe kali. Mipira inayofunika viungo vyake huchanika, matope huingia, na viungo hufa mapema. Aidha, baadhi ya pikapu zina vali ya breki inayopima mzigo kwa umbali uliopo kati ya chesisi na ekseli ya nyuma. Gari likiinuliwa bila vali hiyo kurekebishwa, "hudhani" kuwa halina mzigo, na breki za nyuma hudhoofika hata likiwa limejaa.

Namna ya kuchagua

Hatua ya kwanza ni kukagua springi zilizopo. Zikiwa zimelala kwa uchovu, springi mpya zenye nguvu ya kawaida huenda zikatosha. Hatua ya pili ni kupima mzigo wa kila siku: springi ngumu mno hulirusha gari tupu na kupunguza mshiko wa tairi. Hatua ya tatu ni kuchagua kimo. Kwa matumizi ya kazi, milimita 40 hadi 50 hutosheleza wengi. Shokomzoba zilingane na springi hizo, magurudumu yapimwe upya, na vipande vya chuma visirundikwe kati ya springi na ekseli.

Hitimisho

Kimo hakiwezi kuchukua nafasi ya busara. Katika matope, meno ya tairi na upepo wake huamua mengi kuliko springi. Na Mto Kuja unapofurika, pikapu iliyoinuliwa husombwa kama nyingine. Wahenga walinena kuwa mtaka yote hukosa yote. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, gereji inatoa funzo jingine: dhana tatu zikiachiwa neno moja, mteja hulipia kimo cha bodi akidhani amenunua mwanya wa chini. Uundaji wa istilahi, basi, si kazi ya makongamano tu. Unaweza kuokoa fedha, na hata maisha.