"Kelele" au "Mvumo"? Kupima Amplifaya Zilizopozwa

Watunzi wa istilahi wamezoea kuliita jambo hili "kelele". Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi linavyopimwa, ili msomaji aamue kama neno hilo latosha.

Mkazi wa Upanga aijua tofauti. Kelele za soko la Kariakoo zina wenyewe, nao wakifunga biashara hunyamaza. Mvumo wa bahari hauna mwenyewe wala haukomi. Amplifaya ya mawimbi maikro ina hali hiyo ya pili: chembe za umeme hutikisika kwa sababu ya joto, kama walivyobainisha Johnson na Nyquist mwaka 1928. Ndiyo maana amplifaya hupozwa sana, na mvumo wake hutajwa kwa kipimo cha joto, yaani Kelvini.

Njia ya kupima ni hii. Penye mlango wa amplifaya hutiwa rezista yenye Kelvini 290, kisha nyingine iliyozamishwa katika naitrojeni ya majimaji, yenye Kelvini 77. Nguvu zitokazo hulinganishwa. Tuseme ile ya kwanza ni mara 3.5 ya hii ya pili. Tukizidisha 77 kwa 3.5 twapata 269.5, tukiitoa katika 290 zabaki 20.5, tukizigawa kwa 2.5, yaani 3.5 kutoa 1, jawabu ni Kelvini 8.2. Huo ndio mvumo wa amplifaya yenyewe.

Lakini hapa pana mtego. Ikiwa waya uliingiza joto, na rezista ilikuwa na Kelvini 79 wala si 77, jawabu la kweli ni 5.4. Kosa la 2 limezaa kosa la 2.8. Kwa hiyo wapimaji wengi huiweka rezista ndani ya jokofu lile lile, karibu na amplifaya, na kupima joto lake papo hapo.

Uangalifu huo una thawabu. Penzias na Wilson, huko Holmdel, Marekani, walilinganisha antena yao na rezista iliyopozwa kwa heliamu ya majimaji, wakaona ziada ya Kelvini 3.5 hivi isiyo na asili iliyojulikana. Mwaka 1965 walitangaza habari hiyo: ulikuwa mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu.

Kelele hukemewa; mvumo husikilizwa. Basi twapendekeza "mvumo".