Mbegu Uliyonunua Imepimwa na Nani? Kazi ya Mkaguzi wa Mbegu wa Serikali

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka taratibu)

 Karibu wewe unayesikiliza, na wewe unayesoma karatasi hii ubaoni kwa sababu redio yako imeishiwa betri, au kwa sababu tulipokuwa hewani wewe ulikuwa kwenye foleni ya maji. Ni mtangazaji wako, hapa Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Mvua za Septemba zinakaribia na majembe yameanza kunolewa. Kwa hiyo leo tunazungumza juu ya mbegu, na juu ya mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona: mtaalamu wa kilimo wa serikali anayekagua ubora wa mbegu.

Nianze na yaliyotupata nyumbani. Msimu mmoja mama yangu alinunua kilo tatu za mbegu ya mahindi sokoni. Pesa ilitoka kwenye mgao wetu wa mwezi, na unajua mgao ulivyopunguzwa mara kadhaa tangu 2020. Mbegu ilikuwa na rangi nyekundu ya kuvutia, na muuzaji aliapa kwamba ni mbegu bora. Tukalima, tukapanda, tukangoja. Siku ya kumi, mistari mingi ilikuwa mitupu. Tulipofukua tukakuta punje zimeoza. Zilikuwa mahindi ya kawaida ya kula, yamepakwa rangi tu. Tulipopata mbegu nyingine, nusu ya mvua ilikuwa imekwisha kupita. Mwenye mashamba matano akikosea moja, bado ana manne. Sisi tuna kipande kimoja.

Tangu siku hiyo nikawa nauliza: ni nani anayepaswa kuzuia jambo kama hili, na anafanyaje?

KAZI INAANZIA SHAMBANI

Hapa Uganda kazi hii ni ya Wizara ya Kilimo, chini ya Sheria ya Mbegu na Mimea ya mwaka 2006. Maabara ya taifa ya kupima mbegu iko Kawanda, kaskazini kidogo ya Kampala. Lakini mkaguzi haanzi kazi yake maabara. Anaanza miezi mingi kabla, shambani, mahali mbegu inapozalishwa.

Kampuni au kikundi kinachotaka kuzalisha mbegu huandikisha shamba. Mkaguzi anafika zaidi ya mara moja: kabla ya maua, wakati wa maua, na karibu na mavuno. Jambo la kwanza analotazama ni umbali. Chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo. Jirani akiwa amepanda mahindi ya aina nyingine karibu, aina hizo mbili zitachanganyika. Ndiyo maana kanuni hudai shamba la mbegu ya mahindi litengwe mbali na mahindi mengine, kwa kawaida mita 200 au zaidi. Maharage hayana shida kubwa hiyo kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe.

Ikiwa ni mahindi ya chotara, mkaguzi ana kazi ngumu zaidi. Mistari mingine ni ya mama, mingine ni ya baba. Mistari ya mama lazima ing'olewe mbelewele, yaani lile ua la juu, kabla halijamwaga chavua. Mkaguzi hupita katikati ya mistari akihesabu. Mbelewele zilizosahaulika zikizidi kiwango, shamba linakataliwa kuwa la mbegu. Mahindi yale yanaweza kuuzwa kama chakula, lakini kwa bei ya chakula. Hebu fikiria mwenye shamba aliyetumia pesa zake zote, anakusihi umpitishe. Ukimwonea huruma yeye, hasara inakwenda kwa mamia ya watu ambao hutawaona kamwe. Mmoja wao ni mama yangu.

BAMBO NA PUNJE 400

Baada ya mavuno, mbegu hukaushwa, huchambuliwa na kuwekwa kwenye magunia. Hapo mkaguzi anarudi na bambo. Unalijua bambo: kile chuma chenye ncha na tundu ambacho wanunuzi wa nafaka huchoma kwenye gunia. Anachukua kidogo juu, kidogo katikati, kidogo chini, na kutoka magunia mbalimbali. Hachukui kutoka gunia lile tu ambalo mwenye ghala amelifungua mbele yake. Kwa mahindi, sampuli inayopelekwa maabara huwa kilo moja.

Maabara hupima mambo matatu makubwa.

La kwanza ni usafi. Mtu anakaa mezani na kutenganisha mbegu nzuri na mawe, makapi, mbegu za magugu na mbegu za zao jingine.

La pili ni unyevu. Mahindi yanayozidi asilimia 13 hivi ya unyevu hushika ukungu na wadudu upesi ghalani.

La tatu ni kuota. Zinahesabiwa punje 400, bila kuchagua zilizo nzuri, na kugawanywa katika mafungu. Zinawekwa kwenye mchanga au karatasi maalumu yenye maji, katika joto linalodhibitiwa. Mahindi huhesabiwa siku ya nne na siku ya saba. Mche uliopinda, usio na mzizi au uliooza hauhesabiwi kuwa umeota. Kwa mbegu ya mahindi, kiwango kinachotakiwa ni miche mizuri 90 katika kila punje 100. Utaratibu huu unafuata kanuni za chama cha kimataifa cha kupima mbegu, ISTA, kilichoanzishwa mwaka 1924. Kwa hiyo mbegu inayopimwa Kawanda inapimwa kwa njia ile ile inayotumika nchi nyingine.

LEBO NI USHAHIDI

Mbegu ikifaulu, inapewa lebo. Lebo ya bluu ni ya mbegu iliyothibitishwa. Lebo ya kijani ni ya mbegu iliyotangazwa ubora, ambayo vikundi vya wakulima huzalisha na kuuza karibu na kwao, hasa mazao kama maharage. Ya kijani si ya bandia. Imekaguliwa pia, kwa utaratibu mwepesi zaidi, na mara nyingi bei yake ni nafuu.

Kazi ya mkaguzi haiishi hapo. Anatakiwa kuingia madukani na sokoni, kwa sababu mbegu iliyofaulu inaweza kufa baadaye. Ikikaa miezi mingi chini ya bati lenye joto, au karibu na ukuta unaovuja, haitaota tena hata kama lebo ni halali. Wapo pia wanaotia nafaka kwenye mifuko ya mbegu. Wakaguzi ni wachache, na wauzaji ni wengi. Ndiyo sababu wewe na mimi lazima tuwe na macho ya mkaguzi.

FANYA HIVI KABLA YA KUPANDA

Kwanza, tazama mfuko. Umefungwa vizuri? Una lebo, jina la aina ya mbegu na tarehe ya kupimwa? Usinunue mbegu inayochotwa kwa kikombe kutoka kwenye gunia lililo wazi, hata ikiwa na rangi. Rangi peke yake haithibitishi kitu.

Pili, pima mwenyewe, wiki mbili kabla ya kupanda. Hesabu punje 100 bila kuchagua. Zipange juu ya kipande cha gunia kilicholowa, kisha kivingirishe. Kiweke kivulini na ukinyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya saba fungua uhesabu. Zikiota 90 au zaidi, panda bila wasiwasi. Zikiota 70 hivi, ongeza punje moja katika kila shimo. Zikiwa chini ya 60, usizipe shamba lako. Zirudishe ukiwa na gunia lako kama ushahidi.

Tatu, hifadhi mfuko, lebo na risiti mpaka mahindi yatoke ardhini. Mbegu ikigoma, peleka vitu hivyo kwa afisa kilimo wa kata. Bila mfuko, malalamiko yako ni maneno tu.

Nne, na hili ni la uhai: usile mbegu yenye rangi. Ile iliyotiwa dawa ina sumu, na kuosha hakuondoi sumu yote. Najua kuna siku sufuria ni tupu na mbegu iko kwenye kona. Hata siku hiyo, usiipike. Ukimaliza kupanda nawa mikono kwa sabuni, na mfuko wake usiwekwe unga.

Tano, mahindi ya chotara usiyatunze kwa mbegu ya msimu ujao, mavuno yatashuka. Maharage unaweza kuyatunza. Chagua mashina yenye afya yakiwa bado shambani, uyakaushe vizuri na uyaweke peke yake.

Msimu uliofuata, mama alipima punje zake 100 chini ya kitanda. Ziliota 93. Alituita wote tuje kuhesabu, na mdogo wangu alirudia mara mbili.

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Mbegu ya msimu uliopita mlinunua wapi, na mlijuaje kwamba ni mbegu?
2. Katika kijiji chenu, nani anaweza kupima kwa niaba ya majirani kabla ya mvua?
3. Mbegu ikishindwa kuota, mtapeleka wapi malalamiko, na mtabeba nini mkononi?

Pima gunia lako wiki hii, halafu tuletee namba yako studioni. Tutaisoma katika kipindi kijacho. Mpaka hapo, mkae salama, na mvua itukute tayari.

(Muziki wa kufunga kipindi)