Ukwaju, Zabibu na Kiu ya Kariakoo

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana katika jiji la Dar es Salaam hufikia nyuzi 31 au 32 za Sentigredi, nayo hewa hujaa unyevu wa bahari. Apitaye Mtaa wa Kongo au Msimbazi, Kariakoo, hukuta vinywaji vya namna nyingi: madafu, maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, maji ya ukwaju na ya ubuyu. Je, ni kitu gani hasa kifanyacho kinywaji kiburudishe? Swali hili si la ladha tu, kwani kinywa chaweza kuburudika hali mwili ungali na upungufu wa maji.

Mwili hujipoza kwa jasho. Lita moja ya jasho ikaukapo juu ya ngozi huchukua joto la kilojuli 2,400 hivi. Lakini hewa ya pwani, kwa kuwa imekwisha kubeba mvuke mwingi, hukausha jasho polepole, na sehemu yake hudondoka chini bila ya kupoza. Maji hayo yaliyopotea hayana budi kurudishwa.

Kinywa nacho kina kanuni zake. Uchachu hutokana na ioni za hidrojeni. Zigusapo ulimi, mate hutoka kwa wingi na kinywa kilichokauka hulowana. Baridi hupunguza makali ya utamu. Kwa hiyo kinywaji kichachu, chenye sukari kidogo na kilichopozwa, huonekana chepesi kuliko kile kitamu kilicho vuguvugu.

Kanuni hiyo inajulikana hata mbali na kwetu. Huko Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, mvinyo mweupe wa zabibu ziitwazo Albariño hupendwa wakati wa joto kwa sababu ya uchachu wake, nao hunywewa ukiwa na baridi ya nyuzi 8 hadi 10 hivi. Tindikali iliyo maarufu katika zabibu ni tindikali ya tartari, ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga mwaka 1769. Tindikali hiyo hiyo ndiyo iliyo kuu katika ukwaju! Isitoshe, matunda mengi hupungua uchachu yaivapo, bali ukwaju huongeza sukari na kubaki na tindikali yake.

Hata hivyo, vinywaji hivi viwili havilingani. Mvinyo huo una kileo cha asilimia 12 hivi, na kileo huizuia homoni inayoziamuru figo zihifadhi maji, mkojo huongezeka. Kwa mtu aliyetokwa na jasho jingi, maji ya ukwaju yasiyotiwa sukari nyingi ni chaguo bora zaidi.

Lakini tusidanganyike kwamba uchachu ni dawa ya vijidudu. Kipindupindu, kilicholipuka Dar es Salaam mnamo Agosti 2015, huenezwa kwa maji na vyakula vilivyochafuliwa. Ukwaju uliozimuliwa kwa maji machafu hauwezi kutegemewa kuviua vijidudu vyake, wala barafu haiviui vyote. Basi maji ya kulowekea ukwaju yachemshwe, na barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa vilevile. Tena, maji ya ukwaju yasiwekwe katika ndoo ya bati iliyopakwa zinki, kwa kuwa tindikali huyeyusha zinki, na anywaye huweza kupatwa na kichefuchefu na kutapika. Chombo cha kioo kinafaa. Dafu, kwa upande wake, huja na chombo chake lenyewe: maji yake yamehifadhiwa ndani ya tunda hadi likatwapo, ila kisu na mikono ya mkataji viwe safi.

Wanafunzi waweza kufanya jaribio hili darasani. Loweka ukwaju katika maji ya moto, uchuje, kisha uchovye karatasi ya litmasi ya buluu: itageuka nyekundu. Tia chembe za magadi. Mapovu yatakayotoka ni ya kaboni dioksidi. Rudia kwa ndimu, kwa maji ya miwa na kwa dafu, ulinganishe wingi wa mapovu. Vinywaji vya majaribio visinywewe.

Basi, mwenye kiu akifika sokoni na aulize mambo matatu kabla ya kunywa: maji yametoka wapi, sukari ni kiasi gani, na chombo ni cha namna gani.